Kibanja, rweya na sumu ya alumini: jinsi mboji inavyookoa mizizi

Ukiingia Bukoba, mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa barabara, vijiji vinajitokeza mbele yako kama visiwa. Kwanza unapita uwanda wa nyasi fupi na ngumu, jua linawaka, mti uko mmoja mmoja. Hiyo ni rweya. Mara unaingia kivulini. Migomba imesongamana, mibuni iko chini yake, maharage yako chini ya mibuni, miti ya mihumula imeinuka juu ya vyote, na nyumba iko katikati. Hicho ni kibanja. Kutoka rweya hadi kibanja mara nyingi ni hatua chache za mguu. Mwamba ulio chini ni uleule na mvua ni ileile, ambayo karibu na ziwa hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Lakini maharage ya debe moja, yakipandwa siku moja, yatazaa kibanjani na kudumaa rweya.

Wengi watakwambia kuwa rweya haina rutuba. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Ng'oa mche wa haragwe uliodumaa kwenye udongo wa namna ile, ung'oe polepole na bonge lake, uoshe mizizi ndani ya beseni la maji. Mmea wenye njaa peke yake kwa kawaida hupeleka mizizi mirefu na myembamba, kwa sababu unatafuta chakula. Mizizi utakayoiona kwenye beseni haitafuti kitu. Ni mifupi, minene, imeingia rangi ya kahawia, ncha zake zimevimba na kuwa butu, na vimizizi vya pembeni ni vya kuhesabu. Mmea huu una njaa, ndiyo, lakini kabla ya njaa kulikuwa na sumu.

Sumu hiyo ni alumini, metali ileile inayotengenezewa sufuria.

Hapa watu hushangaa, na wana haki ya kushangaa. Alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, takriban asilimia 8 ya uzito wake. Kila udongo unayo. Udongo wa kibanja unayo, wa rweya unayo, wa kiwanja ulichojengea nyumba unayo. Kama wingi wa metali ndio ungekuwa kipimo cha sumu, hakuna jani ambalo lingeota popote. Sehemu kubwa sana ya alumini imejengewa ndani ya chembe za mfinyanzi, na ikiwa humo haina madhara kwa mmea.

Mambo hubadilika udongo unapoingia tindikali. Mvua nyingi, ikinyesha karne baada ya karne, huosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzipeleka chini zaidi ya mizizi. Nafasi zao zinachukuliwa na haidrojeni, na pH, kile kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, inashuka. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya udongo yenyewe yanaanza kuyeyuka na kuachia alumini kwenye maji yaliyo katikati ya chembe. Kasi ya badiliko hili ni ya kutisha: kwa hesabu ya kikemia, kila pH inaposhuka kwa kipimo kimoja, ayoni huru za alumini, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, katika maji ya udongo zinaweza kuongezeka mara 1,000. Shamba lenye pH 5.2 na la jirani lenye 4.6 kwenye karatasi yanaonekana ndugu. Kwa mzizi, la pili linaweza kuwa na alumini huru mara 60 zaidi.

Neno "huru" nimelitumia kwa makusudi, na tutarudi kwake tena na tena. Ayoni huru ni metali iliyo peke yake ndani ya maji, haijashikwa na kitu. Hiyo ndiyo inayoweza kuufikia mzizi na kunata juu yake. Metali iliyoshikwa na kitu kingine inaweza kuwa sentimita moja kutoka kwenye mzizi, au hata kuogelea katika maji yaleyale, na mzizi usidhurike. Basi swali la kuuliza kuhusu shamba ni metali kiasi gani iko huru, na ni nini kinachoishika iliyobaki. Kwa mashamba mengi ya kwetu, mshikaji mkuu ni mboji.

Udongo wa tindikali hauko Kagera peke yake. Uko Njombe na sehemu nyingine za nyanda za juu kusini mwa Tanzania, uko magharibi mwa Kenya, uko kwenye milima ya Rwanda na Burundi. Kwa dunia nzima, unafunika takriban asilimia 30 ya ardhi isiyo na barafu.

Tuingie kwenye ncha ya mzizi, kwa sababu ndiko msiba unakoanzia. Mzizi haurefuki kote kama mpira unaovutwa. Hurefuka kwenye ncha tu, katika milimita chache ambamo seli mpya huzaliwa na kujinyoosha. Kuta za seli hizo zina chaji hasi. Alumini huru ina chaji chanya tatu, kwa hiyo ikifika pale inanata kwa nguvu, inazikaza kuta ambazo zilipaswa kulegea ili seli zinyooke, na inaisukuma kando kalsiamu ambayo seli inaihitaji. Katika mahindi yasiyostahimili, mzizi unaweza kupunguza mwendo ndani ya saa moja tu. Kiasi kinachotosha kuleta hayo kwa mimea dhaifu ni sehemu moja au mbili za kumi za miligramu katika lita nzima ya maji.

Mwenye shamba haya yote hayaoni. Anachoona ni majani kugeuka zambarau kwa kukosa fosforasi, au mahindi kusinyaa baada ya juma moja la jua wakati udongo wa chini bado una unyevu. Mizizi haikufika huko chini. Anaamini shamba lina njaa na anaongeza mbolea. Ikiwa mbolea yenyewe ni SA, yaani salfeti ya amonia, hali inazidi kuwa mbaya, maana bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitreti huachia tindikali, na tindikali inafungulia alumini nyingine. Nimeona hesabu hii ikiwaumiza watu waliojinyima ili wanunue mfuko. Si uvivu wao wala mbegu zao.

Sasa mboji. Kwa macho ni ule weusi laini unaobaki baada ya majani, samadi na mizizi kuoza mpaka asili yake haitambuliki. Kwa mkemia ni rundo la molekuli zenye mikono mingi. Mikono hiyo ni vikundi vya kaboksili na vya fenoli. Kila kimoja kina haidrojeni ambayo kinaweza kuiachia, na kikishaiachia kinabaki na chaji hasi, tayari kushika metali. Gramu moja ya mboji inaweza kushika ayoni zaidi ya mara kumi kuliko gramu moja ya kaolini, ule mfinyanzi uliotawala udongo wetu mwekundu. Ndiyo maana badiliko dogo la mboji, hata kutoka asilimia 2 kwenda 4, hugeuza tabia ya shamba zima.

Lakini mikono haifanani. Chukua siki na ndimu. Vyote ni vichachu, vyote vina asidi ya asili ya mimea. Asidi ya siki ina kundi moja tu la kaboksili: inagusa alumini kwa mkono mmoja na kuiachia upesi. Asidi ya ndimu, yaani asidi sitriki, ina makundi matatu ya kaboksili na kundi jingine la hidroksili katikati, kwa hiyo inaikumbatia alumini kutoka pande kadhaa kwa pamoja, kama kaa anavyobana. Mwaka 1986 yalichapishwa majaribio yaliyopima jambo hili kwa mizizi ya pamba. Asidi sitriki na oksaliki zilikuwa miongoni mwa zilizoikinga mizizi vizuri sana, ya maliki ilikuwa ya kati, za siki na za jamii yake zilikuwa dhaifu. Alumini katika maji ilikuwepo kote. Tofauti ilikuwa nani kaishika, na kwa nguvu gani.

Mimea yenyewe inalijua hili tangu zamani. Baadhi ya aina za ngano, mzizi ukihisi alumini, ncha yake hutoa asidi ya maliki. Mwaka 2004 watafiti walitambua jeni inayofungua mlango huo. Mwaka 2007 ikatambuliwa jeni ya mtama inayofungua mlango wa asidi sitriki. Mzizi unajinyunyizia kinga milimita chache mbele ya ncha yake na kuendelea na safari. Chai imechagua njia nyingine kabisa: inaivuta alumini, inaifunga kwa asidi ndani ya mwili wake na kuihifadhi kwenye majani makuukuu bila kudhurika. Muhogo, nanasi na viazi vitamu navyo vinastahimili kuliko maharage. Kila mtu wa kijijini anajua ni nini kinakubali kwenye udongo mkali na nini kinakataa, hata kama hakuwahi kulisikia neno alumini.

Mtu asiende kumwaga maji ya ndimu shambani. Vijidudu vya udongo huila asidi sitriki haraka sana, na kinga inaisha nayo. Kinachotakiwa ni kitu kinachooza polepole na kuzitoa asidi hizi kila siku, mwaka mzima, huku nyuma yake kikiacha mboji nzito isiyoliwa upesi.

Hapo ndipo kibanja kinapoanza kueleweka. Inua matandazo chini ya mgomba, yale majani makavu na nyasi zilizolala unene wa kiganja. Juu ni makavu na yanavunjika. Chini yake yameloa, yameshikana kwa utando mweupe wa kuvu, na yananukia udongo baada ya mvua. Chini zaidi huwezi kusema jani limeishia wapi na udongo umeanzia wapi. Na humo humo, hata kabla ya kufika kwenye udongo wenyewe, utakuta mizizi ya mgomba na ya mbuni: myeupe, yenye ncha kali, imejaa vimizizi, imeingia katikati ya majani yanayooza. Mizizi imejipeleka mahali ambapo alumini imefungwa na chakula kiko mlangoni.

Matandazo yana kazi nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni kupandisha pH. Majani yanapokua huingiza potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na kuzisawazisha na chumvi za asidi zake. Vijidudu vinapokula chumvi hizo wakati wa kuoza, vinameza pia haidrojeni iliyo kwenye maji ya udongo. Tindikali inapungua, na sehemu ya alumini inarudi kuwa kigumu. Ongeza majivu ya jikoni, ambayo miaka yote yamekuwa yakimwagwa migombani, na una chokaa ya nyumbani. Kalsiamu inayoingia kwa njia hizi inagombania nafasi na alumini kwenye uso wa mzizi wenyewe, kwa hiyo hata alumini iliyobaki huru inapata pa kunata padogo.

Si majani yote yenye nguvu sawa. Magharibi mwa Kenya watafiti na wakulima wamefanya kazi nyingi na alizeti mwitu, tithonia, ile yenye maua ya njano inayojiotea kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake makavu yana naitrojeni takriban asilimia 3.5, na potasiamu asilimia 4 hivi. Tani 5 za majani makavu kwa hekta, zikifukiwa, huingiza kilo 175 hivi za naitrojeni. Zaidi ya chakula hicho, zinapooza kwa kasi hupunguza alumini huru ndani ya majuma machache, wakati ambao mche mchanga unauhitaji sana. Mabua makavu ya mahindi hayafanyi hivyo. Yana kaboni nyingi na chumvi chache. Gharama ya tithonia ni jasho: tani 5 kavu ni mzigo mkubwa sana wa mbichi, na lazima mtu aukate na kuubeba. Kwa shamba dogo la mboga au kitalu inalipa. Kwa hekta nyingi za mahindi, chokaa ndiyo njia ya kweli, samadi ikifuatana nayo.

Na kibanja chenyewe hakikushuka kutoka mbinguni. Kilijengwa kwa kubebewa. Nyasi za rweya zilikatwa na kutandazwa kibanjani, ng'ombe walichunga rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na kinyesi chao kikaishia migombani. Vizazi kadhaa vya kazi hiyo vimehamisha kalsiamu, fosforasi na kaboni kutoka uwanda mzima hadi eneo dogo linalozunguka nyumba. Huko nyuma, rweya ilibaki na tindikali yake, na ndiko mara nyingi wanawake wamekuwa wakilima vishamba vyao vya msimu, vya njugu mawe na viazi, wakilima na kuviacha vipumzike miaka. Ukisifia kibanja, na kinastahili sifa, kumbuka na upande uliolipia.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Weusi wa udongo peke yake haukuhakikishii usalama. Kwenye nyanda za juu zenye baridi na mvua kuna udongo mweusi wenye mboji nyingi ya zamani, lakini mikono ya mboji hiyo imeshajaa alumini. Haiwezi kushika zaidi, na baadhi yake huachia pale pH inaposhuka tena. Kinachookoa mizizi ni mboji yenye mikono mitupu, yaani inayoongezwa upya. Halafu mboji hukaa juu. Sentimita 30 au 40 chini, alumini iko palepale, na mizizi ikifika huko inarudi juu. Ndiyo maana mazao yaliyokolea samadi kwenye udongo wa tindikali huwa mazuri mvua ikiwa nzuri, na huumia kwanza ukame ukija.

Tuondoke kwenye alumini, twende kwenye metali ambayo haikuletwa na mwamba. Imeletwa na bomba la kupulizia.

Kahawa ya arabika ya Kilimanjaro, Meru na nyanda za juu za Kenya hushambuliwa na kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda uliogunduliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922. Dawa ya miaka mingi imekuwa ya shaba. Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet alieleza mwaka 1885 jinsi mrututu, yaani salfeti ya shaba, ukichanganywa na chokaa unavyookoa mizabibu ya Bordeaux, na kutoka hapo shaba ikaenda kila mahali palipo na kuvu. Shaba haiozi wala haipai hewani kama dawa nyingine. Mvua inaiosha kutoka kwenye jani, inaanguka chini ya mbuni, na inabaki hapo. Mwaka 1984 ulichapishwa utafiti wa shamba moja la kahawa nchini Kenya lililokuwa na umri wa miaka 68, na shaba ilikuwa imejilimbikiza hasa juu juu, kwenye tabaka la majani na udongo wa mwanzo. Ulaya, ambako mizabibu imepuliziwa zaidi ya karne, sheria tangu 2019 inaruhusu kilo 28 tu za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Kwa nini inabaki juu? Kwa sababu mboji iko juu, na hakuna metali ya kawaida inayoipenda mboji kama shaba. Ushahidi ninaoupenda unatoka mahali pa mbali na pa kinyume. Huko Everglades, Florida, kuna ardhi ambayo karibu yote ni mimea iliyooza. Walipoifungua kwa kilimo, mazao yalikataa kukua. Mwaka 1927 ikaripotiwa kuwa dawa ni kuongeza mrututu. Mboji ilikuwa imeikamata shaba yote kiasi kwamba mimea haikupata hata ile chembe ndogo inayoihitaji ili kuishi. Yaani mboji ileile inayowaokoa wenye shaba nyingi iliwanyima wenye shaba kidogo.

Katika udongo wenye mboji ya kutosha na pH isiyo mbaya, zaidi ya asilimia 95 ya shaba iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo huwa imeshikwa na vipande vidogo vya mboji vilivyoyeyuka pamoja nayo. Mashamba mawili yanaweza kuwa na shaba sawa kabisa kwa kilo ya udongo. Katika moja, la kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kilimanjaro, chenye migomba na samadi, mizizi inapita salama. Katika jingine, la kichanga chenye tindikali kilicholimwa wazi miaka mingi, mizizi michanga inaungua: ncha nyeusi, nene, na majani mapya yanakuwa ya njano kwa sababu mzizi ulioumia hauwezi kuchukua chuma.

Mbuni mkubwa hauonyeshi dalili upesi, kwani mizizi yake mingine imeshapita chini ya tabaka la shaba. Balaa huja siku mibuni inapong'olewa. Mtu anachoka na bei, anakata kahawa, anapanda maharage au mboga. Mizizi ya mazao haya inaanzia juu, katikati ya tabaka lenyewe. Wakati huohuo kivuli kimeondoka, jua linapiga udongo, jembe linaugeuza, na mboji iliyojengwa miaka hamsini inaanza kuliwa na vijidudu kwa kasi. Mikono inapungua msimu baada ya msimu, na shaba iko palepale. Kama unang'oa mibuni ya zamani, usiache ardhi wazi, na uipelekee samadi kama vile unaianzisha upya.

Metali zimepangwa kwa nguvu ya kushikwa na mboji. Shaba na risasi ziko juu. Zinki, nikeli na kadimiamu ziko katikati au chini. Manganizi inashikwa kidogo sana, kwa hiyo shamba lenye sumu ya manganizi litasaidiwa na pH kupanda kuliko na mikono ya mboji. Aseniki imetoka nje ya mpango kabisa, kwa kuwa katika udongo kwa kawaida haibebi chaji chanya, na mboji iliyoyeyuka inaweza hata kuisukuma iende majini.

Mkono wowote nao una mwisho wake. Mjini Lubumbashi, huko Katanga, kusini mwa Kongo, kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ulisukumwa na upepo kwenda upande mmoja miaka mingi. Kwenye eneo la Penga Penga udongo una shaba ya maelfu ya miligramu kwa kilo, na sehemu kubwa ilibaki uchi, bila jani. Katanga ni nchi ya mukuba, yaani shaba. Kwenye vilima vyake vya shaba kuna mimea iliyozoea, kama Haumaniastrum katangense, ambayo wachimbuzi wa mambo ya kale wameitumia kutambua mahali wahenga walipoyeyushia shaba. Lakini hata mimea ya kienyeji ilihitaji msaada kwenye udongo wa moshi. Watafiti wamejaribu nyasi za huko pamoja na mboji na chokaa, na miti iliyopandwa kwenye mashimo yaliyowekewa mboji. Lengo halikuwa kuiondoa shaba, maana haiondoki. Lilikuwa kuifunga kiasi mizizi ishike, ardhi ifunikwe, na vumbi lisiingie tena kwenye nyumba za watu.

Kuna mashamba ambako ushauri wa "weka samadi" utaharibu. La kwanza ni la mpunga kwenye mabonde yenye chuma kingi. Ukifukia majani mabichi au samadi changa kisha ukafurika maji, vijidudu vinamaliza oksijeni na kugeukia chuma, vinakibadilisha kuwa aina inayoyeyuka, na mpunga unapata madoa ya rangi ya kutu kwenye majani huku mizizi ikioza. Huko samadi iwe imeoza kabisa na iingie mapema kabla ya maji, au maji yatolewe kwa muda.

La pili ni bustani za mboga mijini, kandokando ya mito inayopokea maji machafu. Mboji inaweza kuulinda mzizi wa mchicha ukanawiri, wakati kadimiamu, isiyoshikwa sana, inapanda hadi kwenye jani. Afya ya mmea haimthibitishii mlaji kitu. Na mboji iliyotengenezwa kwa taka za mji, zilizochanganyika na betri na rangi za zamani, inaweza kuleta risasi ambayo shamba halikuwa nayo.

Ukipeleka udongo maabara, usiridhike na neno "rutuba". Omba pH, omba kaboni hai, yaani kaboni iliyotokana na viumbe vilivyooza, na kwa udongo wa tindikali omba alumini inayobadilishana, yaani ile inayoweza kutoka kwenye chembe na kuingia majini. Ukizidisha asilimia ya kaboni hai kwa 1.72 unapata makadirio ya mboji yote. Kwa shamba la kahawa la zamani, shaba yote kwa jumla inakupa historia tu; omba pia ile inayopatikana kwa mmea.

Usipoweza maabara, kuna jaribio la makopo. Chukua makopo matatu yaliyotobolewa chini. La kwanza jaza udongo wa migombani. La pili, udongo wa sehemu inayokataa mazao. La tatu, udongo huohuo unaokataa, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, sehemu moja kwa nne, na ukae umeloa wiki mbili kabla ya kupanda. Weka maharage matano kila kopo, maji sawa, kivuli sawa, usiushindilie udongo. Katika siku za mwanzo mche unakula akiba iliyo ndani ya mbegu, kwa hiyo hauna njaa bado. Mzizi ukiwa mfupi na mnene wakati huo, chakula hakikuwa sababu.

Siku ya saba loweka makopo yote kwenye ndoo mpaka udongo ulainike, toa miche bila kuvuta, osha, na uilaze kwenye kitambaa cheupe safu tatu. Pima mzizi mkuu kwa rula. Halafu tazama ncha, na uhesabu vimizizi vya pembeni katika sentimita tano za juu.